Majani yenye kuota juu ya shaba

Kila mara nikisema kwamba memwari yangu niliifanya juu ya majani, hakukosi mwenye kucheka: “Katanga yote iko na shaba na kobalti, weye ulienda kupima majani?” Leo ninapenda kujibu, maana ile shaba na yale majani ni habari moja.

Mwenye kupita barabara ya kutoka Likasi kwenda Kolwezi ameona vile vilima visivyo na miti. Chini kuna pori la miombo, lakini juu kunabaki nyasi na maua tu. Si watu wa makala waliokata miti hiyo. Ni sumu ya shaba. Udongo wa kawaida haufikishi miligramu 100 za shaba katika kilo moja, lakini juu ya vilima hivi shaba inaweza kupita miligramu 10 000, ni kusema gramu 10 nzima. Mti wa miombo hauwezi kuishi hapo.

Majani mengine yalizoea. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 600 kwenye udongo wa shaba wa Katanga, na karibu 30 kati yao hazioti fasi nyingine yoyote duniani. Kila kilima ni kama kisiwa katikati ya pori, kwa hiyo aina fulani unaikuta kwenye vilima vichache tu. Crepidorhopalon perennis, kwa mfano, ilijulikana fasi moja tu: mgodi wa Etoile, hapa karibu na Lubumbashi.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuelezea, nguvu kufanya. Unaanza juu ya kilima, unashuka polepole mpaka kwenye miombo. Kila hatua kadhaa unaweka mraba wa mita moja kwa moja, unahesabu kila jani lililo ndani, unachota udongo wa kupima kwenye laboratware. Kisha unalinganisha: shaba ikipungua, majani yanabadilika. Njo vile tunajua kila aina inavumilia nini.

Siku moja mzee wa kijiji cha karibu alinikuta nimepiga magoti.

“Mutoto yangu, benzako banakuyaka hapa juu ya mawe. Weye unakuya juu ya majani?”

“Ndiyo, papa. Ninayahesabu.”

Akanionyesha ua dogo la bluu. “Ile, fasi inaota, shaba iko chini. Bazee betu balijuaka.”

Ua lile ni Haumaniastrum katangense, na mzee alisema kweli. Watafuta-madini walilifuata, na profesa Duvigneaud wa Ubelgiji aliandika mengi juu ya majani haya katika miaka ya 1950 na 1960. Hata wachimbaji wa mambo ya kale liliwasaidia: linaota pia fasi wahenga waliyeyusha shaba ya kutengeneza ile misalaba yetu. Udongo ule ulibaki na shaba, na ua likabaki kuwa alama.

Sasa jambo lenye kuniuma. Miaka michache kisha nilirudi kwenye kilima changu. Kilima hakipo. Kuna shimo, na mashini zinashuka ndani. Ile alama iliyoonyesha shaba, shaba yenyewe imeiua. Karatasi zangu za hesabu njo zimebaki ushahidi kwamba pale paliota kitu.

Najua, mutasema mgodi unalisha watu. Ni kweli, na mimi pia nina wandugu wanaokula kwa mgodi. Lakini tuangalie Penga Penga, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi tangu 1911. Udongo umebaki uchi, upepo unapeperusha vumbi lenye shaba. Ukitaka kuufunika, utapanda nini? Watafiti wetu walijaribu majani mbalimbali, na kati yao Microchloa altera, jani la vilima vya shaba, ambalo mizizi yake inaweza kushika udongo kama ule. Dawa ya vidonda vya mgodi inaota kwenye vilima ambavyo mgodi unamaliza.

Kwa hiyo siombi migodi ifungwe. Ninaomba utaratibu: kabla ya mashini kufika, mtu wa mimea apite kwanza, ahesabu, akusanye mbegu, na kilima kimoja kimoja kiachwe bila kuguswa. Mbegu inaokotwa mbele ya shimo, hakuna namna ya kuiokota nyuma.

Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya migodi. Siku mutaona karatasi ya kufungua kilima kipya iko mezani, mumuulize mkubwa wa kazi swali moja tu: majani ya hapa, nani aliyahesabu?