Divai kwa Pua ya Mtu wa Masisi

Kijana wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, anayetaka kuijua divai ana msingi tayari, hata kama hajawahi kuuona mzabibu. Amekua akiona kasiksi, pombe ya ndizi, ikitengenezwa. Ndizi huvundikwa shimoni, zikafunikwa majani ya mgomba na kupata joto mpaka ziive. Kisha hukandwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, yakachujwa, yakatiwa unga wa mtama na kuachwa siku mbili tatu. Povu linapoanza kupanda, ujue chachu inakula sukari na kuacha kileo na hewa. Zabibu nazo hupita njia hiyohiyo.

Kitabu cha kwanza cha divai, kwa maoni yangu, ni kile kinachoanzia hapo: maji ya tunda yanageukaje, uchachu unatoka wapi, ule ukakasi unaokausha ulimi ni wa nini, na mtu anusaje kabla ya kumeza. Vitabu vingi haviendi hivyo. Vinaanza na ramani za Bordeaux na majina ya mashamba ya Ufaransa, na msomaji wa Sake au Kitchanga anajikuta anakariri chupa ambazo duka la kwao halijawahi kuziuza. Ndiyo maana nisingempa mwanafunzi The World Atlas of Wine ya Hugh Johnson, iliyotoka mara ya kwanza 1971, ingawa ni kazi kubwa ya heshima. Hiyo ingoje mwaka wa tatu.

Ningempa Le vin c'est pas sorcier cha Ophélie Neiman, cha mwaka 2013. Kiko katika Kifaransa, lugha ambayo kijana wetu ameisomea shuleni, na kimejaa michoro. Kinawafuata watu wa kawaida: huyu anaandaa karamu, yule anakwenda kuvuna zabibu, mwingine anajifunza kuonja. Ukurasa wa kuonja ndio wa kuusoma polepole. Tazama rangi, nusa glasi ikiwa imetulia, izungushe, nusa tena, ndipo uweke mdomoni. Akimaliza hapo, achukue Le goût du vin cha Émile Peynaud, mwalimu wa Bordeaux, kilichochapishwa 1980. Ni kigumu, lakini sijui kitabu kinachoeleza ladha kwa makini kuliko hicho.

Sasa tuje kwenye harufu, maana hapo ndipo watu wetu hujidharau bure. Wanyanga wa Walikale wana utendi wa shujaa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Shé-Karisi Rureke. Ndani yake Muisa, mwenye nchi ya wafu, anamtwika Mwindo kazi ya kulima shamba la migomba, kisha anamtuma akatoe asali mtini. Ndizi na asali! Walimu wa divai huzitaja harufu hizo kila siku. Divai changa ya Beaujolais mara nyingi hunukia ndizi mbivu, kwa sababu chachu huzalisha kemikali ileile iliyomo ndani ya ndizi. Divai tamu ya Sauternes hunukia asali. Mwanafunzi wa Paris huzijua harufu hizo kutoka dukani. Wa Walikale amezijua kwenye mgomba wenyewe na kwenye mzinga. Kitabu chenye orodha ya harufu za matunda ya Ulaya kisimtishe. Aandike pembeni kwa kalamu: maracuja, pera, kahawa, moshi.

Divai yenyewe ilipanda milima hii zamani pamoja na mapadri, kwa kuwa Kanisa Katoliki linataka divai ya misa itokane na zabibu. Lakini mzabibu hautaki mvua nyingi kama ya Masisi: ukungu huumaliza, na haupati kipindi cha kupumzika. Dodoma, Tanzania, penye ukame mrefu, unastawi na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Divai ya karibu nasi, basi, ni ya Waafrika wenzetu.

Najua mtu atauliza: divai, wakati huu? Januari 2025 vita iliingia Masisi kati na Goma, na Machi ikafika Walikale. Familia zimeacha nyumba na ng'ombe, sembuse vitabu. Lakini vijana waliokimbia wanatafuta kazi, na hoteli za Kampala au Kigali humlipa vizuri zaidi mhudumu anayejua kufungua chupa, kuionja na kumshauri mgeni. Na kwa kazi hiyo kitabu kipo: Kevin Zraly alifundisha divai kwenye mgahawa uliokuwa juu kabisa ya jengo la World Trade Center, New York. Mgahawa uliangamia Septemba 11, 2001. Kitabu chake cha mwaka 1985, kilichotokana na masomo hayo, bado kinachapishwa na kufundishia wahudumu.

Anayeanza anunue chupa moja nyekundu ya Dodoma pamoja na kipande cha jibini ya Masisi. Aonje divai kwanza peke yake, ale jibini, aonje tena, aone ule ukakasi ulivyolainika. Kisha afungue kitabu atafute sababu: mafuta na protini za maziwa.