Pine ya buruweti, nani anailipa?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobeba mchanga mpaka mtoni, leo tunasema juu ya pine. Si ya pikipiki. Ni ile moja ya mbele ya buruweti.

Hapa Kasongo na kule Kabambare jambo ni lile lile: pine inapasuka katikati ya njia, msukumaji anasimama, wenzake wa shimo wanasimama pia, na mangaribi anakatwa pesa yeye peke yake. Sisi wa sendika tunakataa. Pine ni chombo cha shimo, sawa na nyundo, kamba na mashini ya kuvuta maji. Bei yake itoke mbele ya kugawana, kama vile mafuta ya mashini inavyotoka. Sheria ya madini, tangu ilirekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperative. Basi neno hili liandikwe katika daftari ya kooperative, watu wote wakiona.

Sasa, kununua pine gani? Muangalie pembeni ya ile ya zamani. Ikiandikwa 4.00-8, ile 4.00 ni unene wa pine kwa inchi, na 8 ni ukubwa wa janti. Muuzaji atasema zote ni sawa. Si kweli. Mubebe ya zamani mpaka dukani, na mupime chuma kinachopita katikati. Kama chuma ni milimita 16 na rulma ni ya 20, pine itacheza, na chuma kitalika pole pole mpaka kikatike.

Watu wanalaumu mawe, lakini pine nyingi zinakufa juu ya kukosa upepo. Ikiwa laini, shambrea inateleza ndani, valve inang'oka. Kipimo cha upepo kimeandikwa pale pale pembeni; mara nyingi ni karibu bar 2. Pompi ya baiskeli inatosha, tena shimo lenye buruweti tatu linaweza kununua moja ya pamoja.

Iko pia pine ya mpira mtupu, haina upepo. Ile haipasuki, na kwenye mawe meupe yenye kukata inafaa. Lakini inatikisa mikono siku nzima na kulegeza misumari ya buruweti. Kwenye matope, pine pana ya upepo ni bora, juu haizami upesi. Ukikosa zote mbili, fundi wa mbao anaweza kufanya kama wenzetu wa Goma na chukudu yao: gurudumu la mbao, limezungushwa mpira wa pine ya zamani ya gari. Ni nzito, lakini kazi inaendelea.

Jambo moja zaidi kwa wenye kasiterite. Buruweti ya litre 60 ikijaa udongo wenye maji inafika karibu kilo 100. Ikijaa kasiterite iliyooshwa, inapita 200. Hapo hakuna pine ya kulaumu, wala msukumaji. Mujaze nusu.

Na siku ya kwenda kununua, mwenye kushika pesa ya shimo asiende peke yake. Aende na msukumaji, juu ndiye anajua ile njia.