Msitu wa Mabira, sukari na simu ya mkononi

UKITOKA Kampala kwenda Jinja, baada ya kupita Lugazi barabara inaingia kivulini. Huo ndio msitu wa Mabira. Pale Najjembe wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na kuku wa kuchoma na gonja, na mfanyabiashara anayeelekea Busia au Malaba hununua, hula, na safari huendelea. Ni wachache wanaokumbuka pale dirishani kwamba mwaka 2007 karibu robo ya msitu huo ilikuwa igeuzwe shamba la miwa, na kwamba miongoni mwa vitu vilivyouokoa ni simu ndogo ya mkononi.

Sisi tuliokulia ugenini tulishaiona vita ya namna hii. Wazazi wangu walivuka Busia wakati wa vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami nikasomea Nairobi tangu darasa la kwanza hadi ualimu. Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, akaandika nyingine, wabunge wakamkejeli. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, lakini magazeti yalichapa barua za wasomaji, na walimu wetu walizisoma kwa sauti ya chini wakidhani sisi watoto hatusikii. Jengo halikujengwa. Januari 1999 mama huyo alipigwa na walinzi alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura. Waandishi walikuwapo, na habari ikazunguka dunia.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, nikidhani mambo hayo nimeyaacha ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilipendekeza kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi, SCOUL ya kundi la Mehta, hekta 7,100 kati ya hekta karibu 30,000 za Mabira. Ikasemwa kwamba sukari haitoshi, ajira hazitoshi, na mti peke yake haumlishi mtu. Muda si mrefu simu zikaanza kulia: usinunue sukari ya Lugazi. Ujumbe nilioupata mimi ulikuwa wa Kiingereza chenye makosa mawili ya hijai, na aliyeutuma simjui hadi leo. Niliupeleka kwa watu sita. Mwenye duka wa mtaani kwetu, ambaye sijawahi kumsikia akizungumzia mti wowote, alisukuma magunia ya Lugazi nyuma ya kaunta na kuweka mbele sukari ya kwingine, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza kabla ya kulipa.

Ujumbe wa simu peke yake usingefika mbali. Zilikuwapo redio za FM, ambazo zilianza kuchipuka hapa mwaka 1993, na zilikuwapo zile baraza za Jumamosi zilizoitwa ekimeeza, ambapo mtu wa kawaida alishika kipaza sauti na kumjibu mbunge hewani. Yalikuwapo magazeti yaliyotaja idadi ya hekta bila kuizungusha. Ufalme wa Buganda ukasema uko tayari kutoa ardhi mahali pengine, na dayosisi ya Mukono ya Kanisa la Uganda ikasema vivyo hivyo. Hivyo hata anayetaka sukari zaidi akajua kwamba msitu si lazima ufe ili aipate. Bila habari hiyo, mabishano yangebaki kati ya wapenda ndege na wapenda chai.

Aprili 12 maandamano ya Kampala yaligeuka fujo. Watu wasiopungua watatu walikufa, mmoja wao mtu wa asili ya Kihindi aliyepigwa na umati. Wahindi wengine walikimbilia hekaluni kujiokoa. Siwapendi wanaoisimulia siku hiyo kana kwamba ilikuwa sherehe. Mgogoro ulikuwa na kampuni moja na uamuzi mmoja wa serikali, lakini barabarani ukageuka kuwa na kila mwenye nywele za singa. Sisi tuliowahi kuitwa wageni katika nchi ya watu tunajua maneno hayo huanzia wapi.

Mbunge wa Kitgum, Beatrice Anywar, alikamatwa kwa ajili ya maandamano hayo na watu wakampa jina la Mama Mabira. (Desemba 2019 aliteuliwa kuwa waziri wa nchi wa mazingira. Siasa za Uganda zina safari ndefu.) Oktoba 2007 serikali ilitangaza kuuacha mpango ule. Mwaka 2011 ukafufuliwa, kelele zikarudi, ukawekwa kando tena.

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi Kampala inazungumzia teknolojia ya kijani. Boda boda za umeme zinapita kimya, dereva anaingia kituoni, anabadilisha betri na kuondoka. Taa za sola zimefika vijijini. Sigiri zinazotumia makaa machache, ambazo sisi wa Nairobi tulizijua kama jiko, zinauzwa kila soko. Nafurahi. Lakini sehemu kubwa ya umeme wetu inatoka Mto Nile, na maji hayo yanahitaji misitu ya kuyatunza. Na kumbukeni: makapi ya miwa nayo huchomwa kupata umeme, kama wafanyavyo Kakira wanaouza umeme wao katika gridi. Kwa hiyo mtu angeweza kabisa kuukata Mabira akaubandika mradi wake jina la kijani. Mashine haiwezi kukueleza ardhi yake ilitoka wapi wala nani alihamishwa. Hilo huulizwa na raia, na raia huuliza anapokuwa na mahali pa kusikika.

Mahali hapo pamekuwa pakipungua. Septemba 2009 redio CBS na nyingine kadhaa zilifungwa baada ya ghasia za Buganda, na ekimeeza zikapigwa marufuku. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010, lakini zile baraza hazikurudi kama zilivyokuwa. Mei 2013 polisi walilizingira gazeti la Daily Monitor kwa siku zaidi ya kumi. Siku ya uchaguzi, Februari 18, 2016, ilifungwa mitandao ya kijamii pamoja na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ndugu zangu wa mpakani mnaielewa siku hiyo kuliko mimi: mzigo uko Busia, pesa iko ndani ya simu, na simu imegeuka jiwe. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao hiyo. Wapo waliosema ni ya kuzuia umbea. Bei ya mahindi pia hupita humo humo.

Jaribio la leo ni bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, likiingia Tanzania karibu na Mutukula. Wanafunzi wa vyuo walioandamana Kampala kulipinga mwaka 2023 na 2024 walikamatwa mara kwa mara. Sijasema kila walichodai ni sahihi. Bomba linaweza kuleta kazi, na Mutukula kuna watu wengi wanaozingoja. Ila mkulima anayetaka kujua fidia yake imehesabiwaje, na dereva wa lori anayetaka kujua barabara gani itapanuliwa, wanahitaji gazeti lile lile analolihitaji mwanafunzi.

Darasani kwangu, Sinia ya Tatu, nilileta swali la betri za boda boda: zikichoka zinapelekwa wapi? Hakuna aliyejua. Wasichana wawili walikwenda wenyewe kuuliza katika kituo kimoja cha kubadilishia. Wakaambiwa meneja hayupo na waandike barua. Wameiandika, kurasa mbili, na nakala wameomba ipelekwe redioni. Nimewasahihishia hijai tu.