Piza ya Nyumbani

Wasomaji wetu, vijana wengi sasa wataka piza. Hatusemi ile ya Forodhani, Unguja, ikunjwayo na kukaangwa, bali ile ya kuokwa iliyotoka Napoli, Italia. Bonde letu la Kilombero ni la mpunga, na hapa Ifakara unga wa ngano ni wa kununua. Basi mwenye kujaribu mara ya kwanza na aanze kwa kidogo, asiharibu riziki.

Vikombe 2 vya unga, kijiko kidogo cha hamira, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu vyatosha. Ukande hata ulainike, uufunike muda wa saa 1 uumuke. Asiyesubiri atakula kitu kigumu. Usukume, uuweke katika sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Juu yake tia nyanya zilizopikwa zikakauka, kwani maji yake hulowesha unga, kisha vitunguu, nyama ya kusaga iliyoiva na jibini ukiipata. Makaa machache yawe chini, mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina.

Kwingine piza hutiwa nyama ya nguruwe. Aipikaye nyumbani ajua alichowalisha wanawe. Na jirani aliyefikiwa na harufu yake apelekewe kipande; ndivyo alivyotufunza Mtume (s.a.w.).