Ocotillo, muti wa jangwani unaolisha kolibri hata mwaka wa ukame

Katika jangwa la Sonora, kwenye mupaka wa Marekani na Mexico, kuna muti ambao mugeni anaweza kufikiri kama umekufa. Unaitwa ocotillo. Hauna shina moja: fimbo nyingi zenye miiba zinatoka chini na kupanda juu, zingine zikifikia metre 6. Hata hivyo, kuanzia mwezi wa tatu, ncha za fimbo hizo zinajaa maua mekundu, hata kama mvua ilikuwa kidogo sana.

Jina lake linatokana na luga ya Kinahuatl ya Mexico, na maana yake ni mwenge mudogo.

Majani ya ocotillo yanategemea mvua. Ikinyesha, yanatoka ndani ya siku chache. Udongo ukikauka, yanageuka manjano na kuanguka, ili muti usipoteze maji. Jambo hilo linaweza kurudia mara nyingi kwa mwaka. Kisha majani kuanguka, ganda la fimbo, lenye rangi ya kijani ndani, linaendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwangaza wa jua.

Maua hayafuate mpango huo. Hayangojee mvua; yanatoka wakati kolibri wanapita.

Safari ndefu, tumbo dogo

Kati ya ndege hao kuna kolibri mwenye rangi ya kutu. Anapitisha miezi ya baridi Mexico, kisha anapanda kaskazini kutaga mayai, wengine mpaka Alaska, safari ya karibu kilomita 6 000. Uzito wake ni gramu 3 ao 4 tu, chini ya karatasi moja ya fotokopi. Mabawa yake yanapiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo nguvu zinaisha haraka na anapaswa kula kila wakati.

Anasimama hewani mbele ya ua, anaingiza mudomo wake murefu na kunyonya maji matamu. Unga wa ua unashikamana na kichwa chake, naye anaupeleka kwenye muti mwingine. Hivyo ndege anapata sukari, na ocotillo inapata mbegu. Wageni wengine hawana adabu: nyuki wakubwa wanaotoboa mbao wanapasua ua kwa chini na kuiba utamu.

Muti unaolindwa

Watu pia wanatumia ocotillo. Fimbo zake zikikatwa na kupandwa kwa mustari, zinashika mizizi na kuwa lupango lenye majani na maua. Lakini ikingolewa ili kupamba bustani, inaweza kukawia miaka kabla ya kupata nguvu tena, na mingine inakufa. Ndiyo maana sheria ya jimbo la Arizona inaomba ruhusa kabla ya kuihamisha.

Shirika la uhifadhi IUCN linahesabu kolibri mwenye rangi ya kutu kati ya ndege walio karibu kuingia katika hatari. Kwake, jangwa lisilo na ocotillo ni barabara ndefu isiyo na chakula.

Afrika haina kolibri. Lakini kwenye milima ya Rwenzori na Virunga, ndege anayeitwa chozi ananyonya maua ya lobelia kubwa. Si wa jamaa moja na kolibri, lakini wote wawili wanafanya kazi ile ile.