Kabla Hujamtenga Mtu

Wamoravian kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, katika nchi ya Wanyiha, na Traugott Bachmann ndiye aliyeianzisha. Alikuja na ukali wa wamisionari wengi wa zama zake. Mila za wenyeji aliziona giza tupu. Aliishi huko hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, na kufikia hapo alikuwa mtu mwingine. Alikijua Kinyiha kiasi cha kutafsiri Agano Jipya, na alikuwa ameketi na wazee akiwasikiliza. Katika suala la mitara, hakutaka tena mwanamume afukuze wake zake ndipo abatizwe. Maana anayefukuzwa ni nani? Ni mwanamke asiye na kosa, pamoja na watoto wake.

Wazee hao walikuwa na cha kumfundisha. Kwa Wanyiha na Wanyamwanga, kama kwa majirani zao, kijana akimtorosha binti wa watu huwa ni aibu kubwa, lakini aibu ina njia ya kutokea. Mshenga hutangulia, anapiga magoti, anapokea matusi yasiyo yake. Faini hutajwa, mahari hupangwa, na siku moja mkosaji hula ugali nyumbani kwa wakwe aliowatia hasira. Hakuna anayesema kosa halikuwa kosa. Ila tangu mwanzo inajulikana kwamba mtu huyu atarudi.

Sasa tazama Tunduma, katika eneo hilohilo. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawa Vwawa, lakini pilikapilika ziko Tunduma, mkabala na Nakonde ya Zambia. Malori ya kwenda Lubumbashi hupanga foleni, na madereva hula, hulala, hupenda. Wapo mama ntilie, wahudumu wa gesti, wabadilisha fedha, watu wa kila kabila walioacha wazazi na washenga mbali. Nyumba nyingi zimeanza bila mahari wala cheti.

Kwa watu hawa makanisa yetu hukimbilia kutenga. Jina linasomwa Jumapili, binti aliyepata mimba anazuiwa meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya usharika mzima. Mimba huonekana, aliyeitia haonekani, na pengine yumo kwenye kwaya akiimba sauti ya nne. Kisa cha Yohana sura ya 8 tunakihubiri vizuri sana, na hata humo mwanamume hakuletwa.

Msibani ndiko ukali huu huumbuka. Hutokea wazee wa kanisa wakawa bado wanabishana kama marehemu aliyetengwa azikwe na mchungaji, huku majirani, Waislamu wakiwemo, wameshachimba kaburi na maharage yako jikoni.

Nidhamu ya kanisa ina kazi yake, na sisemi ifutwe. Naona tu kwamba tumeshika adhabu, tukamwacha mshenga. Kwa hiyo, wazee wetu, kabla jina la binti huyo halijasomwa, nendeni kwake wawili, mmoja akiwa mama mtu mzima. Bisheni hodi, mketi, mumuulize habari za mtoto. Kisha mtafuteni na yule wa kwenye kwaya.