Bunduki Kuukuu Shambani: Itambue Kabla Hujaiuza

Vita ya 1914 hadi 1918 ilipita mashambani mwetu, Tanga, Lindi, hata Ruvuma. Unalima, jembe linagonga chuma. Kumbe ni bunduki yenye kutu, au risasi zilizogeuka kijani. Wengine husema, "Gobore tu hilo, mpe mnunua vyuma chakavu." Ngojeni kwanza.

Gobore hujazwa baruti mdomoni. Bunduki tunazozisema hujazwa nyuma. Zina chuma chenye mkono, kinachofunga na kufungua kama komeo la mlango. Ndiko kukoki huko.

Ipo ya Wajerumani ya 1871. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita nayo. Ni ndefu, inaingia risasi moja tu kila mara. Tundu la mtutu ni pana, milimeta 11. Ubavuni imeandikwa Mod. 71. Baruti yake ilitoa moshi mwingi, basi adui aliuona akajua pa kupiga. Jamani, silaha ya kumuumbua mwenyewe!

Mauser ya 1898 ina tundu jembamba na huchukua risasi tano. Meli ya Rubens ilileta za aina hii kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Waingereza waliipiga, risasi zikalowa maji ya chumvi. Watu walizifungua moja moja, wakazisafisha. Hata hivyo nyingi zilikataa kulia.

Lee-Enfield ya Mwingereza huchukua risasi 10. Ile fupi ya wakati huo, mbao yake hufika mpaka mdomoni. Kwenye shingo ya kitako utaona taji, herufi kama G.R., na mwaka.

Risasi nazo tazama, bila kuzigusa. Ya Mwingereza ina ukingo uliotokeza nyuma, kama ukingo wa sufuria. Ya Mauser ya 1898 haina, ina mfereji tu. Ya 1871 ni nene, na ina ukingo.

Lakini bunduki ya Mwingereza haisemi nani aliibeba. Askari wa Mjerumani waliteka nyingi. Walipoweka silaha chini Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno.

Je, thamani yake? Mnunua vyuma anapima kilo, basi. Mjuzi hutazama alama, mbao, namba za vipande kama zinalingana, na mahali ilipopatikana. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloonyesha mapigano yalipita wapi. Ukiisugua kwa msasa ing'ae, alama zimekwenda.

Tena bila leseni huruhusiwi kuiweka wala kuiuza. Risasi ndiyo hatari zaidi. Ganda limeoza, lakini fataki na baruti ndani vinaweza kuwa vizima. Usiigonge, wala usiitie motoni eti upate shaba. Na usijaribu kupachika risasi yoyote kwenye bunduki hiyo, maana mtutu waweza kukupasukia usoni.

Waondoe watoto, simika kijiti, mwite mwenyekiti wa kijiji awaite polisi. Halafu chukua daftari. Andika siku, shamba liko karibu na mto gani, chuma kilikuwa kina gani, na alama ulizosoma. Polisi wakiondoka na bunduki, daftari libaki kwako. Watu wa makumbusho wakija watauliza hayo hayo.